Ukurasa Unasema Dieudonné Amepanda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifika kwetu Katuba udongo wa shimo ungali masikioni, nimekuja kumwambia mama kwamba mdogo wangu Dieudonné amekufa. Mama hakulia. Aligeuza kioo cha ordinatere yake, ile kompyuta ya zamani, nikione.

"Mutoto wangu, weye si ulipanda tangu posho? Na mudogo wako iko juu. Angalia."

Niliangalia. Jina langu: Amepanda. Jina lake: Amepanda. Na bukari yake, ugali wake wa jioni, ilikuwa mezani, imefunikwa, ingali na moto.

Ngoja nirudi nyuma. Tulikuwa tunachimba Kambove, na kulala huko huko. Karani wa koperative, ushirika wetu wa wachimbaji, aliandika kwenye intaneti nani ameshuka shimoni na nani amepanda. Wachimbaji hutokea matundu mengi bila kumpitia karani, kwa hiyo yeye peke yake hawezi kujua nani amekwama. Sharti letu lilikuwa hili: mtu wa nyumbani asipoona "Amepanda" jioni, na ndugu hajampigia, anamwita mkubwa wa shimo, ndipo watu wanakwenda kuchimbua. Mlinzi wetu alikuwa mama, na mashine nzee aliyopewa na parokia.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, Fiston, fundi wa ule ukurasa, alikuja toka Lubumbashi na viatu safi. Alisema amechoka kuutengeneza mara mbili, kwa mashine mpya na kwa za zamani. Kuanzia Jumatatu anaacha mashine za zamani.

"Kuko muntu kwabo bangali na mashini ya babu na bankambo?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Nilikuwa kijana, na haya ya umaskini ilinifunga mdomo.

Mzee Ilunga, mkubwa wa koperative, aliuliza, "Na benye kuwa nayo, bataona nini?"

"Bataona tu ile habari ya mwisho, ya leo posho, Muzee."

Ilunga akakubali. Basi. Tarehe iliandikwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Mama husoma majina tu.

Jumanne shimo lilijifunga sisi wawili tukiwa ndani. Dieudonné alikuwa upande wa pili wa jiwe, anagonga, namjibu.

"Yaya, mukubwa wangu, mama alishapiga simu?"

"Alishapiga," nilisema.

Aligonga siku mbili. Kisha nikawa nagonga peke yangu. Walionitoa walikuwa wanachimba tundu lao, wakanisikia kwa bahati. Hakuna aliyekuwa anatutafuta.

Koperative imekufa. Ukurasa ungali pale. Kila jioni mama anaufungua, anasoma, anatabasamu, anafunika bukari. Nikipita nyuma yake nasikia kugonga, ndani ya kile kioo. Sigeuki. Majina yetu yamekaa pamoja, na siku nyingine sijui mashine inadanganya kuhusu nani.

Mwanangu unayejifunza kazi hii ya Fiston, ya kutengeneza kurasa, kabla ya kuacha mashine ya zamani, nenda ukajue nani anakaa mbele yake. Ukishaacha, kioo kiseme wazi: hapa hakuna habari tena. Neno la posho lisijifanye la leo. Na wewe ukiulizwa, inua mkono, hata wakicheka. Mimi sikuinua, na lawama ni yangu pamoja na ya Fiston na Ilunga.

Mungu akupandishe salama kila unaposhuka.

Lakini wewe Fiston, na wewe Mzee Ilunga, njooni Katuba. Kaeni mbele ya kioo kile, mumwambie mama yangu, kwa mdomo wenu, mtoto wake yuko wapi.