Miaka Sita Kwenye Wasifu wa Marehemu

Alhamisi iliyopita nilipigiwa simu kwamba fundi wa viyoyozi wa Beltsville, hapa Marekani, ambaye baadhi yenu mlimfahamu kwa mabishano yake, amefariki. Kwa kuwa nimesoma chuo, mjane wake akanipa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kanisani. Niliipokea kwa wasiwasi, maana mimi na marehemu hatukuwahi kukubaliana. Kila nilipouliza kwa nini wahamiaji wasio na karatasi za ukaazi wanawindwa hivi, alinicheka: "Kijana, sisi tulipanga foleni. Na wao wapange." Aliyasema hayo hata mbele ya mpwa wake, mtu mzima aliyeishi naye, ambaye viza yake iliisha zamani, na ambaye ndiye aliyemwogesha na kumlisha alipougua.

Sebuleni kwao nikaanza kuipanga miaka. Aliingia nchini kama mwanafunzi, kisha pakawa na pengo la miaka sita. "Mama, hapa alikuwa wapi?" Mjane akacheka huku machozi yanamtoka. "Hapahapa. Aliacha chuo, karatasi zikaisha, akakaa hivyo hivyo mpaka alipopata nyingine." "Na foleni?" "Foleni gani, mwanangu? Bosi wake alijua, jirani alijua, wakamwambia tu njoo Jumatatu. Andika! Sasa watamrudisha wapi?" Nikafika kwenye majina ya aliowaacha. Mpwa, aliyekuwa dirishani akitazama kila gari lililopunguza mwendo, akageuka. "Kaka, mimi nitoe." "Wewe uliyemuuguza mwaka mzima?" "Nitoe. Wakiuposti huo wasifu mtandaoni, jina langu na mji ninaokaa atavisoma nani? Wewe unajua?" Mimi ninayehoji kila kitu nikalikata jina lake.

Jumamosi, kanisani Riverdale Park, niliisoma ile miaka sita, na wazee kadhaa wakainamisha macho. Nadhani nao wana miaka yao kama hiyo. Kisha nikasoma kwamba ameacha mke, mabinti wawili "na ndugu wengine". Mpwa, aliyeketi karibu na mlango wa nyuma bila kuvua koti, akashusha pumzi. Tangu siku hiyo najiuliza kama nchi hii zamani ilikuwa na huruma zaidi, au ilikuwa haijali tu. Sina hakika. Ninachojua ni kwamba ukweli wa marehemu niliusoma kwa sauti kwa sababu hawezi tena kukamatwa, na wa aliye hai nikaufuta kwa mkono wangu. Basi sisi wenye karatasi tuisimulie miaka yetu ya pengo tungali hai, jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wasio nazo hawathubutu hata kutajwa msibani.