Nyumba ya Shangazi Uvira

Niliposhinda mashindano ya kukumbuka ya shule za mkoa, majirani zetu wa Buzebazeba walisema nimezaliwa na kipaji. Mama, ambaye alizoea kunituma chumvi nikarudi na kiberiti, alicheka tu.

Mbinu nilifundishwa na mwalimu wetu wa hesabu. "Chukua nyumba unayoijua vizuri," alisema. "Kila neno nitakalosoma, liweke kwenye chumba chake. Ukilitaka, pita ukaliangalie."

Shida ikawa nyumba. Yetu ilikuwa na vyumba viwili, na watu wamejaa, maana vita vya ng'ambo ya ziwa vilikuwa vimetuletea shangazi, dada yake baba. Wenzake walipelekwa kambini. Yeye alishuka boti bandarini Kibirizi akaja kwetu moja kwa moja. Nikamwomba aniazime nyumba yake ya Uvira, huko ng'ambo.

"Chukua tu," alisema. "Imekaa bure."

Jioni, akichambua dagaa, alinitembeza: baraza yenye nguzo, sebule ya mapazia ya kijani, vyumba vya wageni, stoo ya mchele, ngazi ya kwenda juu. Nikapanga maneno humo, tembo kwenye kochi, ndoo chini ya ngazi. Siku ya mashindano sikukosa hata neno moja. Nilipewa beseni na sabuni, na mkuu wa shule akapokea pongezi kana kwamba kichwa ni chake.

Baadaye mtoto mkubwa wa shangazi naye akavuka. Nikamkaribisha kwa kumwulizia ile ngazi ya kwao.

"Ngazi gani?" alishangaa. "Sisi tulikuwa na vyumba viwili na jiko la nyasi."

Nilimkuta shangazi uani anafua.

"Shangazi, mbona ulinidanganya?"

"Ulishinda, hukushinda?"

"Nilishinda."

"Na vyumba viwili ungeshinda?"

Alikamua shuka, akalitandaza kambani, ndipo akasema taratibu, "Ile nyumba tulipanga kuijenga na marehemu mume wangu tangu tuoane. Mabati tulikuwa tumeshanunua."

Mwaka uliofuata nilikwenda kushindana Tabora. Maneno yalikuwa mengi zaidi, nikamwomba aongeze vyumba. Akaongeza mpaka gereji, bila haya yoyote. Nikawa wa tatu. Niliporudi, hakuuliza nimekosea wapi. Aliuliza huyo wa kwanza anakaa nyumba ya namna gani.