Uzi wa Dhahabu na Sweta la Shangazi

Jamani, msinicheke, ingawa najua mtacheka, maana hata mimi nikikumbuka siku aliyokuja Alfonsi na watu wake nyumbani kwetu Lizaboni najifunika uso kwa khanga, peke yangu chumbani.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Songea yameanza kujaa vitu, nikaona sokoni uzi wa kudarizi unaong'aa kama dhahabu. Wee! Sisi tulizoea uzi wa pamba. Alfonsi, fundi redio wa Peramiho niliyempenda mpaka nikisikia jina lake ugali haupiti, anakuja kuposa, halafu nimtandikie meza kitambaa cha pamba? Thubutu! Nikadarizi waridi zima kwa mishono ya msalaba, dhahabu tupu.

Kumbe uzi ule una kiburi. Unatakiwa kukatwa vipande vifupi, mimi nikakata virefu niwahi kumaliza, basi ukawa unachambuka, unajisokota, fundo halikai. Mbele waridi linawaka, nyuma (Mungu anisamehe) nywele za kichaa, vitanzi vinaning'inia kila mahali. Na shangazi yake Alfonsi alisifika kwa kugeuza vitambaa vya watu, eti upande wa nyuma ndio unaosema kama binti ana subira. Nikajifanya mjanja: juu ya kitambaa nikapanga sinia, chupa ya chai, vikombe na maandazi. Sasa ageuze tuone!

Hakugeuza. Aliinua pembe kidogo tu, huku ananisifia, na kwa baridi ile ya Juni alikuwa amevaa sweta la sufu. Vitanzi vikanasa mkono wa sweta. Akavuta, kitambaa kikaja. Akasimama, sinia likaja. Chai ikammwagikia mshenga kwenye suruali, maandazi yakabingirika mpaka miguuni kwa baba.

"Yesu na Maria! Kitambaa kimening'ang'ania!" akapiga kelele, mkono juu, waridi langu linabembea.

Alfonsi akapiga magoti, akaanza kumnasua shangazi yake, uzi baada ya uzi, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mimi nikakimbilia jikoni nikafunga mlango.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Maana shangazi mwenyewe alikuwa anacheka, namsikia kabisa: "Huyu mtoto ana vituko, nimempenda!" Lakini kwetu binti anayeposwa huitwa aage wageni, na asipotoka, basi amekataa. Mama akaita. Sikutoka. Akaja Alfonsi mwenyewe mlangoni.

"Skola, toka basi. Nikuone tu."

Nimekaa kwenye majivu, nalia, kamasi zinatiririka. Nikasema moyoni, kesho, nikishaoga, nikishatulia. Akasubiri pale muda mrefu, kisha nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Baba alipotuma mtu Peramiho kueleza, Alfonsi alikuwa ameshakwenda na wenzake kwenye machimbo ya Tunduru, na baadaye tukasikia ameoa huko huko, kijiji cha Nakapanya. Nami niliolewa, mume mwema, sina neno. Ila siku hizi mtu akibisha hodi kwangu, niwe na unga mikononi, niwe na khanga kuukuu iliyochanika, natoka hivyo hivyo mbio, wala sijali nani ataniona, na kila mara kabla sijafungua kuna kimoyo changu kijinga kinachodhani ni yeye.