Mjomba na Kitufe cha Kurudi

Kazini walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kuandika programu kwa pupa. Alikuwa mama wa pacha, mwenye miaka arobaini na miwili, na kwa miaka mitatu alitunza programu ya simu ya hospitali: ile inayowaonyesha wagonjwa miadi yao na kuwatumia ujumbe inapobadilika.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mjomba wake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Figo za mzee zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine.

Jumatatu moja hospitali ilihamisha zamu yake ya kesho yake kutoka saa saba mchana hadi saa moja asubuhi. Ujumbe ukaingia kwenye simu. Mjomba akaugusa, ukafunguka ukurasa wenye saa mpya. Akataka kuona orodha ya miadi yote ahakikishe, akabonyeza kitufe cha kurudi. Programu ikafungika papo hapo. Na ule ujumbe, kwa kuwa alishaugusa, haukuwepo tena.

Hakumwambia mtu. Jumanne alifika saa sita na nusu kama alivyozoea, akakuta zamu yake imeshapita na kitini kakaa mwingine. Wakampangia Alhamisi. Jumatano asubuhi alilazwa, maji yamejaa mapafuni.

Taratibu alikaa kando ya kitanda mpaka pumzi ya mzee ikatulia. Ndipo akamuuliza, bila kulaumu, kilichompata. Mzee akageuza uso ukutani.

"Nilibonyeza kurudi nikajikuta nje," alisema. "Nikadhani nimeifuta ile saa mpya, imebaki ya zamani. Nikaona haya kukuuliza. Kila siku nakusumbua na simu hii."

Taratibu akaelewa kilichotokea. Aliyefungua programu mwenyewe alipita ukurasa wa mwanzo, kisha orodha, ndipo akafika kwenye miadi; akirudi, alirudi kwa njia hiyohiyo. Aliyeletwa na ujumbe alitua moja kwa moja kwenye miadi, na nyuma yake hapakuwa na ukurasa wowote. Ofisini aliujaribu ujumbe huo mara nyingi, lakini kila mara programu ilikuwa imeshafunguliwa. Hakuwahi kuujaribu programu ikiwa imefungwa.

"Mjomba, kosa si lako," alisema. "Ukurasa ule niliuandika mimi."

Mzee akamgeukia.

"Niliwahi kumshonea bwana harusi suruali, mguu mmoja mfupi," alisema. "Akaivaa hivyohivyo, hakuwa na nyingine. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafungua kabati, nikapima nguo zote za wateja waliobaki. Nenda kaangalie za wengine, mwanangu."

Akaenda. Mkuu wake alitaka kuiandika kama hitilafu ndogo. Taratibu akamweleza mbele ya wenzake kwamba mgonjwa amelazwa, na kwamba ni mjomba wake. Kwa siku mbili alirekebisha: ujumbe ukifungua miadi, programu iweke kwanza ukurasa wa mwanzo na orodha chini yake, ili anayerudi afike kwenye orodha. Ujumbe nao ubaki mahali pa kusomwa tena. Safari hii alijaribu kwa simu iliyozimwa na kuwashwa upya.

Kisha akaomba majina ya waliokosa zamu baada ya kubadilishiwa saa. Mbali na mjomba, walikuwa sita. Aliwapigia mmoja mmoja. Watano walizungumza naye. Simu ya sita ilipokewa na mwanamume aliyesema mkewe amezikwa mwezi uliopita. Alikuwa na ugonjwa wa moyo pia, akaongeza, kama anayejibu swali. Taratibu alimpa pole, akamweleza kosa lote bila kupunguza kitu. Mwanamume yule alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa kuambiwa, akakata.

Mjomba alitoka hospitali baada ya siku tisa. Mikono yake ilikuwa imedhoofika, haikurudia kushika sindano; cherehani yake wakampa jirani. Kila Jumanne Taratibu huchelewa kazini, kwa sababu humpeleka mwenyewe kusafishwa damu, na hakuna ofisini anayemuuliza.