Kofia ya Kocha na Kona ya Mwisho

"Sasa Katibu, si kutoka sare kulikuwa kunatutosha? Kocha alikuwa anafikiria nini?" Kipa wetu aliniuliza hivyo miaka saba iliyopita, ameketi kwenye vumbi la uwanja wa Ziwani, glavu zikiwa bado mikononi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilikuwa na jibu la kila kitu, lakini swali hilo lilinishinda. Juma lililopita nilipigiwa simu kwamba Kocha amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa sala. Lilikuwa hili: ameenda kabla hajatujibu.

Wasomaji wa safu hii mnamjua, ingawa sijawahi kumtaja jina. Ndiye yule mzee niliyewahi kumwita hapa mvumbuzi wa njia mpya za kushindwa. Siku ile alinunua nakala mbili za gazeti, moja ya kuweka na moja ya kunirudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni, kwa hiyo alifika mazoezini akinukia kama nguo zilizotoka kuanikwa, na juu ya bukta ya timu alivaa koti la suti. Mbinu alifundisha kwa vizibo vya soda juu ya stuli. Kizibo kimoja kikipotea, timu ilicheza watu kumi hadi mtu anywe soda nyingine. Na kofia yake ya kijivu ndiyo iliyokuwa ofisi. Ndani ya bitana alihifadhi orodha ya wachezaji na karatasi ya msimamo wa ligi. Mchezo ukibana aliivua, akachungulia ndani, akaivaa tena. Wapinzani walisema ana dawa humo. Sisi wake tulisema anaangalizia mtihani.

Karatasi ya msimamo niliiandika mimi. Kocha alikuwa muumini wa kanisa la Jumamosi. Jua la Ijumaa likitua, simu yake ilizimwa na mpira haukutajwa nyumbani kwake hadi jua la kesho yake litue. Mikutano ya ligi ilifanyika Jumamosi hiyohiyo. Alihitaji katibu wa kumwakilisha huko, na akanichagua mimi. Wazee wa kamati ya timu walinung'unika. Mmoja alimwambia nikisikia, "Msichana kwenye benchi? Haya. Lakini akikosea mara moja tu, anarudi kwao kupika chapati." Kocha akamjibu, "Chapati zake nimezila. Afadhali abaki na hesabu." Basi kila Jumapili nilimkabidhi karatasi mpya, naye akaitia kofiani. Ndivyo tulivyofanya kazi, na hakuna mwingine aliyejisumbua kumpasha habari za Jumamosi.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Majengo, kwetu nyumbani. Timu ya mtaa wa Tena, tuliogombea nao kombe, ilikuwa imemaliza mechi zake na ilikuwa na mabao mengi kuliko sisi. Jumamosi ile kamati ya ligi ikatupa zawadi: mechi yetu ya zamani iliyokatizwa na mvua ilihesabiwa kuwa sare, nasi tukapata pointi moja. Tukawa sawa na Tena. Kwa hiyo sare na Majengo ingetupa kombe, na kushindwa kungewapa wao. Nilirudi kutoka mkutanoni nikilitangaza jambo hilo kila mlango. Jumapili Kocha alitoka zamu ya asubuhi moja kwa moja hadi uwanjani, nikampa karatasi yake, mpira ukaanza.

Dakika ya mwisho tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Tukapata kona. Mashabiki walikuwa wameanza kuimba. Kocha akavua kofia, akachungulia ndani, akaivaa. Kisha akamgeukia kipa wetu kule langoni na kumpungia mikono yote miwili: panda! Kipa alijishika kifua kuuliza, mimi? Kocha akapunga tena. Kipa akapanda mbio. Kona ikapigwa, beki wa Majengo akaondosha, na mshambuliaji wao akakimbia na mpira hadi kwenye lango lisilo na mtu, akafika akautia wavuni taratibu, kama kwa huruma. "Manze, huyu buda ametuchoma mchana kweupe!" mtu alipiga kelele akimnyooshea mzee kidole. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuja ametokwa na jasho. "Kocha, hesabu ulikuwa nayo?" "Nilikuwa nayo." "Sasa?" Kocha alivua kofia, akaitazama kwa muda, akaivaa. "Uamuzi ni wangu," akasema. Msimu uliofuata walimpa kazi mwingine. Mimi nilibaki.

Tangu hapo kesi hiyo ilisikilizwa kila Jumapili alasiri kwenye kibanda cha chai kilicho kando ya uwanja, mshtakiwa akiwapo na kikombe chake. Mimi nilikuwa kiongozi wa mashtaka. "Kocha, tueleze leo," nilimwanza. "Leo? Leo nitasema kipa alikuwa mrefu." "Juma lililopita ulisema ulitaka ushindi wa heshima." "Na juma lijalo nitasema jua lilinipiga. Prof, wewe kunywa chai." Watu walicheka hadi chai ikawapalia. Niliwaeleza kwa kirefu kwamba hilo ndilo tatizo la wakubwa wa nchi hii, makazini na makanisani: mtu hufanya uamuzi mbovu hadharani, kisha hufa kabla ya kusema nilikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama chuoni nilifundishwa pia kunyamaza.

Ninaposoma mabishano ya siku hizi, ambapo kila mwenye simu ni kocha, nakumbuka kibanda kile na ninaona kilivyotulemaza. Tulibishana kuhusu ujasiri, uzee, kiburi, hata dini. Nilijisifu kwamba sikubali chochote bila ushahidi, na kwa miaka saba sikuuliza swali ambalo ningemwuliza mtu yeyote mwingine: wakati anaamua, alikuwa anajua nini? Nilidhani anajua nilichojua mimi. Ni kosa dogo na la kila siku. Meneja humfanyia karani, mzazi humfanyia mtoto, na mwandishi wa safu humfanyia kila anayemwandika.

Jumatano nilienda matangani. Mjane wake, anayeniita mwanangu tangu siku za chapati, aliniita chumbani na kunipa kofia. "Ichukue wewe, mama. Mimi nimechoka nayo. Alikataa isifuliwe kabisa. Nikimwuliza anasema ina kitu cha Katibu." Niliipokea nikicheka, nikamwambia Kocha alikuwa mchafu kwa hiari yake. Nikaingiza vidole ndani ya bitana, pale tulipokuwa tukimwona akichungulia. Karatasi ilikuwemo, imekunjwa mara nne, ndani ya kipande cha plastiki. Mwandiko ulikuwa wangu. Juu nilikuwa nimeandika Ijumaa, siku moja kabla ya ule mkutano wa ligi. Chini yake: Tena wako mbele kwa pointi moja, sare haitutoshi, lazima tushinde.