Siku Nilipolivua Jina la Jalila

Maiti alikuwa amelazwa mbele yangu. Maji ya majani ya mkunazi yako tayari kwenye ndoo. Kati ya wanawake wote mle chumbani, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba sikustahili kuwepo.

"Jalila, sogea huku. Wewe shika kichwa," akaniambia Bi Sheikha, mwosha maiti wetu hapo Timbwani, Likoni.

Sikusogea. Miguu ilikuwa kama imepigiwa misumari.

Jalila si jina langu. Mimi naitwa Josephine, mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Taita. Na aliyelala pale kwenye kitanda cha kuoshea alikuwa Bi Mwanatabu, mwanamke aliyenilea kama wa tumbo lake kwa miaka mitatu bila kujua mimi ni nani.

Nitawaeleza ilivyokuwa, wala sitajipaka mafuta.

Nilikuwa nafanya kazi ya nyumbani Changamwe, tajiri wangu akahama, nikabaki na begi. Dada mmoja jirani akaniambia, "Nenda Likoni, kuna mama auza mahamri na mbaazi, atafuta msaidizi. Lakini ukienda na hilo jina lako la Josephine, hupati kitu."

Nikamwamini. Sikuuliza mara mbili.

Nikaazima baibui, nikajitanda, nikafika pale barazani kwa Bi Mwanatabu.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Jalila."

Neno moja tu. Lilinitoka kirahisi kama mate.

Akanipa kazi siku hiyo hiyo, na juu ya hiyo kazi chumba cha uani.

Basi uongo ni kama unga uliotiwa hamira. Ukishauweka hauombi ruhusa, unaumuka wenyewe. Nikaitwa kuswali, nikaenda. Nikajipanga safu na kina mama, wakiinama nainama. Wao wanasoma yao, midomo yangu chini kwa chini inasema Baba Yetu uliye mbinguni.

Ramadhani nikafunga. Jumapili naaga nakwenda Mikindani kumtazama shangazi. Shangazi alikuwepo kweli, lakini nilikuwa naenda naye kanisani. Baibui nalivulia chooni kwake, jioni nalivaa tena.

Biblia ilikuwa kwenye simu. Naisikiliza kwa waya wa masikioni huku nasukuma mahamri. Bi Mwanatabu akiniuliza nasikiliza nini, namwambia mawaidha.

Si uongo kabisa, lakini si kweli.

Mtu niliyemwogopa kuliko wote pale mtaani alikuwa Gedion, fundi wa pikipiki, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkristo. Siku za Jumapili redio yake mapambio matupu. Siku moja napita na sinia, akamsalimu mteja wake, "Bwana asifiwe!"

Mimi huku, "Ame..."

Nikajikohoza. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku ile nikawa nazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya karakana yake.

Bi Mwanatabu alikuwa na sukari. Mwaka wa tatu ikamwangusha. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda miguu, namlisha uji, namgeuza. Binti yake Raihana alikuwa mwalimu wa chekechea, akirudi mchana ananipokea zamu. Tulikuwa kama ndugu, mimi na Raihana. Nguo zake navaa, zangu anavaa.

Alhamisi moja, baada ya adhana ya alfajiri, Bi Mwanatabu akakata roho.

Nililia mpaka sauti ikanikauka. Yale machozi hayakuwa ya uongo.

Saa tatu asubuhi Raihana akaja kunishika mkono. Macho mekundu. "Mama ameacha wosia. Amesema uwe miongoni mwa watakaomwosha. Ati una mkono mwepesi."

Ndivyo nilivyojikuta mle chumbani.

"Jalila, we! Husikii?" Bi Sheikha akarudia.

"Siwezi, Bi Sheikha."

"Huna udhu? Nenda katawadhe, twakungoja."

"Si udhu."

Akanitazama, kisha akashusha sauti, kwa huruma. "Umo kwenye siku zako?"

Hapo ndipo penyewe, jamani.

Nilikuwa nimefunguliwa mlango. Kuitikia kwa kichwa tu. Hakuna ambaye angenishangaa. Ningetoka nje, ningekaa na wenzangu, msiba ungepita, na mimi ningeendelea kuwa Jalila.

Nikamtazama yule mama kwenye kitanda. Ameamini mkono wangu umwoshe mara ya mwisho. Nikahisi nikimdanganya na sasa, akiwa hata hawezi kuniuliza, basi mimi si mtu.

Nikakumbuka pia nilivyoimba Jumapili iliyopita, mikono juu, kwamba nitamfuata Yesu hata kukiwa kugumu. Kumbe hata kwepesi sijawahi kumfuata.

"La," nikasema. "Mimi si Mwislamu. Ni Mkristo. Naitwa Josephine."

Raihana, aliyekuwa miguuni pa mamake, akainua uso. 

"Wasemaje?" Raihana akaniuliza. Taratibu. Heri angepiga kelele.

"Nilidanganya, Raihana. Tangu siku ya kwanza."

"Umeswali na mamangu."

"Ndiyo."

"Umefuturu naye sahani moja. Ukamwambia Alhamdulillahi."

"Ndiyo."

"Toka." Sasa sauti ikapanda. "Toka! Usimguse mamangu!"

Mmoja wa wale kina mama akaanza kunisukuma. Bi Sheikha akamzuia mkono. "Mwache. Mwislamu huoshwa na Mwislamu mwenziwe, naye amesema kabla hajamgusa. Angaa kwa hilo amemsitiri marehemu."

Nikatoka. Habari ilinitangulia uani. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakanyamaza wote mara moja. Sikujua pa kukaa, nikasimama karibu na ukuta kama mwizi anayengoja watu waamue.

Mara nikamwona Gedion.

Anaingia langoni na mkewe, wamebeba turubai na gunia la mkaa. Mkewe shingoni ana msalaba, unaonekana wazi.

"Karibu, Gedion," wazee wakamwambia. "Leo tumefiwa sote."

"Poleni, wazee wangu. Mama yetu sote huyu. Wapi nifunge turubai?"

Mama mmoja akampokea mkewe mkaa, wakakumbatiana, wakalia pamoja.

Nikamsikia mzee mmoja akimweleza mgeni: huyu fundi ana miaka kumi na moja hapa, kila Krismasi alikuwa hampiti Bi Mwanatabu na keki, na kila Idi Bi Mwanatabu hampiti yeye na pilau.

 Ile pilau ya Idi niliipika mimi. Sikuwahi kuuliza sahani kubwa ile inakwenda kwa nani.

Kumbe nilijificha miaka mitatu kutoka kwa watu ambao hawakuwa wananitafuta.

Nikafunga begi langu, nikaondoka kabla jeneza halijatoka.

Mikindani, shangazi akawahi kumweleza mchungaji. Jumapili ikafika. Mchungaji Kaviha akaniita mbele, kanisa limejaa.

"Wapendwa, dada yetu ametoka katika tundu la simba! Miaka mitatu anamficha Bwana moyoni, siku moja akamkiri, akafukuzwa! Dada, waeleze walivyokutesa!"

"Amina!" Watu wamesimama, vigelegele. Akanipa kipaza sauti.

Nawaambieni ukweli, ilikuwa tamu. Baada ya kujiita mwongo moyoni siku tatu mfululizo, hapa naitwa shujaa. Ningesema maneno mawili tu, wangenibeba juu.

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Hawakunitesa," nikasema.

"Sema kwa nguvu, dada!"

"Hawakunitesa. Walinilisha, wakanipa pa kulala, wakanipenda. Mimi ndiye niliyewatesa. Niliwadanganya kwa sababu ya woga. Nilifukuzwa kwa uongo wangu, si kwa ajili ya Yesu. Tafadhali msiwaombee kama maadui. Niombeeni mimi."

Watu wakaketi mmoja mmoja.

Mchungaji akakichukua kipaza sauti taratibu, akaanzisha wimbo. Nje, mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Ungenyamaza tu, dada. Watu walikuwa wameshaguswa." Wiki zilizofuata wengi wakawa wananisalimu kwa ncha za vidole. Shangazi naye akawa ananijibu kwa mkato.

Nikawa sina Timbwani, sina Mikindani.

Lakini usiku nilikuwa nalala usingizi. Hilo lilikuwa jipya.

Baada ya arobaini ya marehemu nikarudi Timbwani. Mchana kweupe, nimevaa gauni langu na kitambaa cha kichwa, nikapita mbele ya Gedion nikamsalimu. Nikabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Josephine."

 Sauti ya Raihana ikatoka ndani: "Sina mtu nimjuaye kwa jina hilo."

"Ndiyo nimekuja tujuane."

Nikasimama pale jua likinichoma. Nikadhani ameshaondoka mlangoni. Kisha komeo likavutwa.

Alikuwa amekonda. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Wajua kinachoniuma si huo Ukristo wako. Mama, Mungu amrehemu, kila alfajiri alikuwa akimwombea Jalila. Kwa jina. Ati Mola amlinde Jalila, amwondolee hofu. Sasa Jalila hayupo." Machozi yakamshuka. "Sijui dua zote zile za mamangu zilikwenda kwa nani."

Amwondolee hofu. Bi Mwanatabu aliiona hofu yangu, ingawa hakujua yatoka wapi.

"Zilinifikia mimi, Raihana," nikamwambia. "Ile siku mbele ya Bi Sheikha, zilikuwa zimenifikia."

Akajifuta uso kwa ncha ya leso. Akasogea pembeni, hatua moja, kiasi cha mtu kupita.

Wewe unayesoma hapa ukiwa umeifunika imani yako kazini au kwa majirani, sikutukani, nimekuwa wewe. Mimi nilidhani najilinda. Kumbe kila siku niliyojificha nilikuwa nawasingizia watu wema ubaya ambao hawajanifanyia, na namsingizia Mungu kwamba hawezi kunishika mkono mbele za watu. Sema jina lako mapema. Ukichelewa, wako watakaokufa bila kukujua, na hao huwezi tena kuwaomba radhi.