Swali Nililomficha Eliwaza

Usiku ule wa kuamkia Jumatatu nilijigeuza kitandani mpaka shuka likanifunga miguu, na nilipopitiwa na usingizi hatimaye, nilimkuta Eliwaza ameshafika, ananisubiri.

Niseme kwanza Eliwaza ni nani. Tulisoma pamoja sekondari ya bweni, huko milimani kwenye baridi, kitanda chake juu na changu chini. Alifariki miaka sita iliyopita kwa maradhi ya figo. Enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kuulizwa. Ukimuuliza kwa nini maziwa yanafurika jikoni na maji hayafuriki, anakueleza habari za utando wa juu unaouzuia mvuke usitoke. Ukimuuliza kwa nini ndoo bombani inabadili sauti ikikaribia kujaa, anakuambia nafasi ya hewa imepungua, ndiyo maana sauti inapanda. Na aljebra, ambayo sisi wengine tuliiogopa kuliko matroni, yeye aliichezea tu. Karatasi hakuhitaji. Aliokota kijiti, akapandisha sketi kidogo, akaandika mlinganyo kwenye muundi wa mguu wake. Baridi ilikuwa imeikausha ngozi, kwa hiyo mistari ilitoka myeupe, unaisoma vizuri kabisa. Akimaliza ananitazama: "Umeelewa?" Nami najibu, "Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa. Hilo ndilo nililomficha miaka yote minne. Niliona aibu kumrudisha nyuma kila siku, na kusema kweli nilikuwa na kiburi pia. Nikakariri: alama ya sawasawa ni daraja, na namba ikivuka daraja inageuka, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Nikafaulu kwa kukariri, nikaingia chuo cha ualimu kwa kukariri, na leo, Mungu anisamehe, nafundisha hisabati Kidato cha Kwanza.

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Jumatano iliyopita nilifundisha hilo daraja langu, nikajaza ubao, kisha nikauliza tunavyouliza walimu wote, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia kwa kuvuta, "Ndiyooo, mwalimu!" Mwitikio huo ndio unaotutoa darasani kwa amani. Simjui mwalimu anayeuamini, wala simjui anayeweza kumaliza kipindi bila huo.

Mkono mmoja ukabaki juu. Ulikuwa wa Mwanaidi, msichana mwembamba anayekaa karibu na dirisha. "Mimi sijaelewa, mwalimu."

Swali lilikuwa tatu eksi sawasawa na kumi na mbili. Mwanaidi alikuwa ameivusha ile tatu, ikageuka ya kutoa, akapata tisa. Halafu, jambo ambalo mimi katika umri wake nisingethubutu, akairudisha hiyo tisa mahali pake, akaona tisa mara tatu ni ishirini na saba, wala si kumi na mbili. Nikamwambia tatu hiyo inazidisha, kwa hiyo ikivuka inashuka chini na kugawanya.

"Kwa nini ile inageuka na hii inashuka?" akauliza. "Nani anaamua?"

Darasa likacheka. Nikaona wananicheka mimi. Nikamwambia atoke nje, na asirudi mpaka atakapoelewa.

Hakurudi. Alhamisi hakuja, Ijumaa hakuja. Jumamosi nikakutana sokoni na jirani yao, akanipa habari: mama yake amesema kama mtoto haelewi, hakuna haja ya kupoteza muda, aende kwa shangazi yake wilaya ya jirani akajifunze kusuka nywele. Basi lao ni la Jumatatu asubuhi. Jumapili nzima nilijiambia nitakwenda kuongea na yule mama. Nilivaa viatu mara mbili, nikavivua mara mbili. Ningekwenda kumwambia nini?

Ndipo nikalala, na Eliwaza akaja.

Tulikuwa bombani, shuleni kwetu kule milimani, mchana kweupe. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu mpaka inapinda nyuma ya bweni. Eliwaza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, na sweta lake la shule lilikuwa limetoboka kwenye kiwiko kilekile cha zamani. Sikushangaa kumwona. Ninachokumbuka ni haraka niliyokuwa nayo. Kengele inagongwa mahali fulani, haikomi, na mimi nina jambo la kumuuliza kabla haijanyamaza.

Nafungua mdomo, linatoka jingine. "Eli, kwa nini bati linalia jua likiwa kali?"

Anavuta uzi wa kiwiko cha sweta.

"Kwa nini kitunguu kinaliza?"

Anatabasamu tu. Namuuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, kwa nini bisi zinapasuka. Yanatoka yenyewe, madogo madogo, mambo aliyokwisha kunijibu zamani na majibu yake ninayo. Lile moja limekwama kooni. Kengele inagongwa.

Akaokota kijiti. Akapandisha sketi, akaandika kwenye muundi wake, lakini hakuna mstari uliotokea. Miguu yake ilikuwa inang'aa mafuta. Nikakumbuka tulivyompaka mafuta yale, mama yake na mimi, siku ile ya kumwandaa kwa mazishi, na hapo ndipo nilipotambua ndani ya ndoto kwamba nimekaa na marehemu. Sikuogopa. Nilisikitika tu kwamba hawezi tena kuandika.

"Lete mguu wako," akasema.

Naunyosha. Anaandika, kijiti kinakwaruza, ngozi inawasha. Naangalia. Mistari ipo, ni myeupe, iko kwenye mguu wangu mwenyewe, na siwezi kuisoma. Nainama zaidi, bado siwezi.

"Umeelewa?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Nimeelewa."

Akakiweka kijiti chini. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

Sasa hakuna foleni. Nina mzega begani, mti mmoja wenye ndoo mbele na ndoo nyuma, zote zimejaa, tunapanda kilima kwenda bwenini tulivyozoea. Eliwaza anatembea pembeni yangu na kopo mkononi. Anachota kopo moja kutoka ndoo ya mbele, anamwaga chini. Anachota la pili. Anachota la tatu. Mti unainuka mbele, ndoo ya nyuma inanivuta, nayumba, nashika mti kwa mikono miwili na bado unateleza.

"Eli, fanya kitu!"

Amesimama tu. Namwambia nachelewa. Namwambia kuna mtoto anaondoka, kuna basi, nishushie mzigo huu niende. Anasubiri, kopo lipo mkononi, macho yake yako kwangu, na kengele inagongwa mpaka naisikia ndani ya meno. Najua anachosubiri. Nilikuwa nakijua tangu tukiwa watoto.

"Sijaelewa!" nikapiga kelele. "Eli, sikuelewa hata siku moja!"

Kengele ikanyamaza.

Akazunguka nyuma yangu bila haraka, akachota makopo matatu kutoka ndoo ya nyuma, akayamwaga moja baada ya jingine. Mzega ukatulia begani.

"Umeona maji yakivuka?"

Nikatazama chini. Maji ya mbele yamelowesha udongo wa mbele, ya nyuma yamelowesha wa nyuma. Hakuna tone lililotoka ndoo moja kwenda nyingine. Daraja halipo. Matatu yametolewa huku, na matatu yametolewa kule ili mti usilale upande mmoja, basi, hakuna zaidi ya hapo. Nikageuza shingo tena na ndoo hazina maji: ya mbele ina mafurushi matatu yaliyofungwa, yanayolingana, ya nyuma ina mawe kumi na mawili, na mti umetulia. Eliwaza anatoa mafurushi mawili, anabakiza moja. Anakwenda nyuma, anatoa mawe manane, anabakiza manne. Mti ukatulia tena, kila upande umebaki na theluthi moja. Furushi moja, mawe manne.

Nililia. Nililia kwa hasira, kwa sababu ni kitu kidogo namna ile, na nimekibeba kwa aibu tangu nina miaka kumi na minne, na nimemfukuza mtoto wa watu kwa ajili yake.

"Ulijua kwamba sielewi," nikamwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza kila siku, Tumaini."

Kisha tumo darasani kwangu, na sijui tuliingiaje. Madawati yote yamejaa, isipokuwa lile la karibu na dirisha. Nimesimama mbele, nina chaki, na ubao umejaa mwandiko wangu. Eliwaza anapita katikati ya wanafunzi wangu, hawamwoni. Anafika kwenye dawati la Mwanaidi, hakai, anaweka tu kiganja juu yake, na mimi nataka kumwomba msamaha, maneno yananijia mengi kwa pamoja, nimwambie jinsi nilivyokuwa namwonea wivu, jinsi kaburini nilivyoshindwa kutupa udongo.

Akatikisa kichwa.

"Mimi umechelewa kuniambia," akasema. "Yeye bado yuko nyumbani."

Nikaamka. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Sikuoga. Nilijifunga khanga juu ya gauni la kulalia, nikatoka na ndala, na majirani waliokuwa wanafagia walinisalimu na sikuwaitikia, nikaomba radhi baadaye.

Mama Mwanaidi alikuwa uani, anakaza kamba ya begi. Mwanaidi alikuwa amevaa gauni la safari na soksi, anatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kwema? Asubuhi yote hii?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalipotea. "Mwanao hakushindwa hesabu," nikasema. "Swali lake lilikuwa sahihi. Jibu mimi sikuwa nalo, nikaona haya, nikamtoa nje."

Aliacha kamba. "Mwalimu mzima hukuwa na jibu?"

"Sikuwa nalo."

Alinitazama kuanzia ndala mpaka khanga, nadhani alikuwa anapima kama nina akili timamu. "Wifi yangu anamngoja," akasema, lakini kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia binti yake. "Unamsikia mwalimu wako?"

Mwanaidi aliinua uso. Hakuonekana kufurahi, wala sikuwa na haki ya kutegemea afurahi. "Na sasa unalo, mwalimu?"

"Ninalo. Hakuna kinachovuka. Nitakuonyesha kwa ndoo mbili na mti."

"Nani alikuambia?"

"Rafiki yangu."

"Yuko wapi, na mimi nimuulize?"

"Hayupo tena," nikasema. "Niulize mimi. Nisipojua nitakuambia sijui."

Akamtazama mama yake. Mama akashusha pumzi, akasogeza begi pembeni kwa mguu. "Haya, kavae sare. Shangazi yako nitampigia simu."

Tulitoka pamoja, mimi bado na ndala zangu, nipite kwangu nibadili nguo. Kabla hatujafika barabarani alikuwa ameshaniuliza maswali mawili. Moja sikulijua, nikamwambia.